Choroko za kuotesha: je, maji ya moto yanaweza kuchukua nafasi ya klorini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naotesha choroko na uwatu hapa Moshi, nauzia hoteli mbili na familia kadhaa ambao huzila mbichi kwenye kachumbari. Mpaka sasa nimekuwa nikiloweka mbegu kwenye maji yenye jiki (ile dawa ya klorini ya kufulia) kabla ya kuziotesha, lakini wateja wanalalamikia harufu, na hoteli moja inataka bidhaa isiyoguswa na kemikali. Nimesoma mtandaoni kwamba mbegu zikikaa kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 zinakuwa salama. Mwenzangu mwingine ananiambia nizianike juani kutwa nzima. Ipo njia ya kweli isiyo ya kemikali ambayo naweza kuifanya jikoni kwangu?

Jibu: Marahaba, dada. Ipo, nayo ni joto. Lakini jibu hilo ni la choroko peke yake. Uwatu nitauzungumzia mwishoni kwa sababu una shida zake. Na zile nyuzi 50 kwa dakika 25 ulizosoma ni tiba ya ugonjwa mwingine kabisa.

Kwanza tuelewane tunashughulika na nini. Choroko unazonunua zimevunwa shambani, zimepigwa fimbo juu ya turubai au kwenye uwanja wa udongo, zimekaa stoo na panya, zimepita kwenye mizani na mikono ya watu wengi. Popote hapo zinaweza kuguswa na kinyesi: samadi mbichi, maji ya mto, ndege, panya, mkono ambao haukunawa. Bakteria kama salmonela na zile aina kali za E. coli zikikauka juu ya ganda la mbegu hazizaliani, ila hazifi pia. Zinaweza kukaa hivyo kwa miezi, hata miaka. Anayepika choroko hizo kwa nazi anaziua zote bila kujua kwamba zilikuwepo. Wewe huziweki motoni muda wa kutosha kuua chochote, wewe unaziamsha: unazipa maji, unazipa joto la chumba, na mbegu inapoamka inavujisha sukari ambayo ni chakula kizuri cha bakteria. Bakteria mmoja akijigawa mara moja kila saa, baada ya saa 24 wamekuwa zaidi ya milioni 16. Machipukizi yenyewe yatabaki meupe, yanang'aa, yana harufu ya kawaida tu.

Nasema haya kwa msisitizo kwa sababu ya yaliyotokea kaskazini mwa Ujerumani mwaka 2011. Watu zaidi ya 3,800 waliugua kwa E. coli ya aina ya O104:H4, zaidi ya 800 kati yao figo ziliharibika, na zaidi ya 50 walifariki. Mwanzoni lawama zilitupiwa matango ya Hispania, na wakulima wa huko wakapata hasara kwa kosa lisilo lao. Uchunguzi ulipofuatilia mlo wa wagonjwa sahani kwa sahani, ukaishia kwenye shamba moja la kilimo hai katika kijiji cha Bienenbüttel lililokuwa likiotesha mbegu za kuliwa mbichi. Mbegu zilizoshukiwa ni uwatu, ulioagizwa kutoka Misri katika mzigo wa tani 15, na shamba lile lilikuwa limepata kilo 75 tu za mzigo huo. Mwezi Juni mwaka uleule watu wengine wakaugua karibu na Bordeaux, Ufaransa, nao walikula machipukizi ya mbegu za mzigo uleule. Mbegu zilizobaki zilipopimwa maabara, bakteria hakuonekana. Huenda hakuonekana kwa sababu uchafu wa namna hii haujatapakaa sawasawa guniani. Unaweza kuwa kwenye mbegu chache tu kati ya maelfu, na kijiko kinachochotwa kupelekwa maabara kikazikosa. Ndiyo maana cheti kinachosema gunia limepimwa na ni safi mimi hakinitoshi.

Sasa tuje kwenye jiki yako. Nchini Marekani wataalamu walianza mwaka 1999 kuwashauri waoteshaji waloweke mbegu kwenye klorini ya nguvu sana, sehemu 20,000 kwa milioni, yaani asilimia 2. Huo ni ukali ambao sidhani uliwahi kuukaribia jikoni kwako. Hata kwa nguvu hiyo bakteria hupungua tu, hawamaliziki, kwa sababu klorini hailifikii vizuri lile kovu ambako mbegu ilishikamana na ganda kubwa la nje lililoibeba, wala nyufa ndogo za ganda, na inapokutana na vumbi na uchafu inamalizikia hapo. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba kwa kuiacha jiki unaacha ulinzi mkubwa. Unachoacha ni ulinzi wa nusu, na kinachotakiwa ni kuweka mahali pake kitu kilicho bora, si kuondoa tu.

Joto linafaa kwa sababu moja nzuri sana. Choroko kavu ina kiini kilicholala, kikavu, kimefunikwa na ganda gumu lenye uso laini. Ukiizamisha ghafla kwenye maji ya nyuzi joto 85 Selsiasi, ganda linapata moto wa maji papo hapo, na bakteria walioko juu yake wanalowana na kuungua ndani ya sekunde. Kiini kilichoko ndani bado hakijapata habari. Joto linachukua muda kukifikia, na kwa kuwa ni kikavu kinalivumilia. Ukiitoa mbegu kabla joto halijazama na kuitia kwenye maji baridi, umeua cha nje na kukiacha hai cha ndani. Kazi yote iko kwenye huo mwanya wa sekunde chache.

Kutoka hapo utaona mwenyewe kwa nini mbegu haipaswi kulowekwa kabla ya kutiwa kwenye maji ya moto. Mbegu iliyokwisha kunywa maji ina kiini laini, kilichoamka, na moto utakiua. Kavu kwanza, moto, baridi, ndipo kuloweka.

Wajapani ndio walioifanyia kazi njia hii kwa choroko kuliko wengine, na wana sababu. Mwaka 1996 maelfu ya wanafunzi wa mji wa Sakai waliugua kwa E. coli O157 baada ya kula chakula cha mchana cha shule, na wizara ya afya ya huko ilielekeza kidole kwenye machipukizi ya figili. Majaribio yaliyofuata kwa choroko yalitumia maji ya nyuzi 85 hadi 90, kwa muda wa kuanzia sekunde chache mpaka dakika moja na nusu, na kuzipoza mara moja kwenye maji baridi sana. Choroko ziliendelea kuota vizuri. Muda mfupi ulipunguza bakteria kwa kiasi kikubwa lakini uliacha masalia, na ndiyo maana baadhi ya watafiti waliongeza klorini baada ya moto. Kwa kuwa wewe klorini huitaki, itabidi uelekee kwenye muda mrefu zaidi ambao choroko zako zinaweza kuuvumilia.

Nunua kipimajoto cha kupikia, kile chenye mshikio mrefu wa chuma. Usikisie kwa kuchemsha maji, kuzima jiko na kusubiri, maana Moshi iko juu na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 97 badala ya 100, na sufuria nyembamba hupoa haraka kuliko nene. Kabla ya kukiamini, kitie kwenye maji yanayochemka uone kama kinasoma karibu na hapo.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni sufuria ndogo na mbegu nyingi. Mbegu baridi zinanyonya joto la maji. Kilo moja ya choroko ikitumbukizwa kwenye lita 2 za maji ya nyuzi 85, joto linashuka kwa zaidi ya nyuzi 10. Kwenye lita 5 linashuka kama nyuzi 5. Nusu kilo kwenye lita 10, linashuka kama nyuzi moja tu. Hicho cha mwisho ndicho kipimo ninachokushauri: nusu kilo, lita 10, sufuria nzito yenye mfuniko. Tia choroko kwenye mfuko wa neti safi, mkubwa kuliko mbegu zilizomo ili zicheze ndani. Maji yakitulia kwenye nyuzi 87 au 88, zamisha mfuko wote, uukoroge na kuusukumasukuma kwa mwiko wa chuma ili maji yapenye mpaka katikati, na hesabu sekunde 40 kwa saa ya simu. Usiache sehemu ya mfuko ielee juu au ibanwe ukingoni mwa sufuria. Mbegu moja iliyobaki baridi inatosha kurudisha bakteria kwenye chombo kizima. Toa, zamisha hapohapo kwenye ndoo ya maji yaliyochemshwa na kupozwa kwa barafu ambayo nayo umeigandisha kutokana na maji yaliyochemshwa, uache nusu dakika. Tumia koleo ndefu na ufunike mikono, maana mvuke wa sufuria hiyo unaunguza.

Halafu zijaribu zile mbegu kabla hujabadilisha biashara nzima. Hesabu choroko 100 zilizopita kwenye moto na 100 za gunia lilelile ambazo hazikupita, kila fungu ulilaze kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya saa 48 hesabu zilizoota. Mafungu hayo mawili yakikaribiana, ongeza muda kidogo kidogo, sekunde 60, kisha 75, kisha 90, kila mara ukihesabu. Pale ambapo uotaji unaanza kuporomoka, rudi nyuma hatua moja, na huo ndio muda wa gunia hilo. Gunia jipya lina muda wake; choroko za msimu uliopita na za mwaka juzi hazifanani. Uandike kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la aliyekuuzia.

Gunia lenyewe ulichague kwa jicho kali. Choroko iliyobunguliwa haifai, hata kama ni moja kati ya ishirini. Tundu la fukusi ni mlango: maji ya moto yanapoingia yanakuwa yamepoa, na bakteria aliyejificha mle anabaki. Zile zilizopasuka ganda, zilizokunjamana, zenye madoa ya ukungu, vipande, vyote vichambue na kupeta kwenye ungo kabla ya moto. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukiifanya vizuri mbegu zilizobaki zitapata faida ya moto kwa usawa. Na kitu kingine muhimu kuliko vyote nilivyosema kuhusu gunia: usioteshe kamwe mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi, nyekundu, kijani au buluu. Hizo zimevalishwa dawa ya ukungu au ya wadudu kwa ajili ya shamba, na hakuna maji, moto wala baridi, yatakayozifanya chakula. Sokoni nako muulize muuzaji kama choroko zimechanganywa na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Mkulima ambaye anahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa haihitaji dawa hiyo, mtafute huyo.

Baada ya moto ndipo wengi wanaharibu. Mbegu inayotoka kwenye moto imepoteza pia bakteria wake wa kawaida, wale wasio na madhara ambao wangegombea chakula na salmonela. Kwa hiyo kidudu kitakachoingia baada ya hapo, kutoka kwenye kidole, kitambaa au bomba, kinakuta hakuna mshindani. Pitisha kwenye moto mbegu za siku hiyo tu, usizikaushe na kuziweka akiba. Maji ya kuloweka na ya kusuuza mpaka siku ya mwisho yawe yaliyochemshwa. Vyombo na vitambaa vichemshwe kila mzunguko. Chombo cha plastiki chenye mikwaruzo kitupe. Mtu mwenye tumbo la kuhara asiguse kazi hiyo mpaka apone na zipite siku mbili zaidi. Zikikomaa, friji, chini ya nyuzi 5, mpaka kwa mteja.

Kupima ni lazima, ila pima maji badala ya mbegu. Saa 48 baada ya kuanza kuotesha, chukua kwenye chupa safi yale maji yanayochuruzika baada ya kusuuza na uyapeleke maabara ya mikrobiolojia ya chakula wapime salmonela na E. coli O157. Maji hayo yamepita kwenye kila chipukizi, na kwa wakati huo bakteria kama yupo ameshazaliana kiasi cha kuonekana, kwa hiyo yanakuambia mengi kuliko kijiko cha mbegu kavu. Waulize TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya usalama wa chakula Tanzania Bara, ni maabara gani iliyo karibu na gharama yake. Huwezi kupima kila chombo, najua. Pima kila unapofungua gunia jipya, na usiuze kitu cha gunia hilo mpaka majibu yatoke.

Nirudi kwenye yale uliyosoma. Nyuzi 50 kwa dakika 25 ni kipimo cha mbegu za kabichi na nyanya za kupanda, dhidi ya magonjwa ya mmea kama uozo mweusi wa kabichi. Ni kipimo kizuri kwa mkulima. Hakikutengenezwa kwa ajili ya salmonela, na mbegu inayokaa dakika 25 majini inaanza kunywa, ndiyo sababu joto lake ni la chini hivyo. Ukikitumia kwa choroko utakuwa umezitia uvuguvugu tu na kuwapa bakteria mwanzo mzuri.

Jua nalo halitoshi. Ile njia ya kuanika kunde juu ya plastiki nyeusi na kuzifunika kwa plastiki angavu inaua fukusi na mayai yake, na ningependa kila mkulima aitumie. Lakini bakteria aliyekauka anavumilia joto kavu kwa namna ya ajabu. Joto kavu linafanya kazi, watafiti wameziweka choroko kwenye nyuzi 55 na kupata matokeo mazuri, ila lilihitaji siku nzima kadhaa bila kushuka, mchana na usiku, ndani ya mashine. Uwanja wako hauwezi hilo. Mashine ya kutotolea vifaranga pia haifai. Joto lake ni nyuzi 37 na kidogo, ambalo ndilo bakteria hawa wanalipenda.

Mionzi ya gama inafanya kazi kwa kweli, kwa kuwa inapenya mbegu nzima. Marekani iliruhusu mwaka 2000 mbegu za kuotesha zipigwe mionzi mpaka kilogrei 8, ingawa kiwango kikipanda mbegu huota kwa udhaifu. Shinikizo kubwa la megapaskali 600, karibu mara 6,000 ya shinikizo la hewa, nalo limejaribiwa kwa lusini kwa mafanikio. Vyote viwili ni vya viwanda. Taa za miale ya urujuanimno haziuzwi hapa kwa bei mbaya, lakini mwanga hauingii kwenye ufa, na upande wa mbegu uliolala haupati kitu. Oveni ya mikrowevu inachoma mbegu moja na kuiacha jirani yake. Siki na limau ni kemikali vilevile, hata kama viko kabatini kwako, na peke yake havitoshi.

Waambie hoteli ukweli: choroko hizi zimesafishwa kwa maji ya moto, hazijatiwa klorini, maji yake yamepimwa, na bado si sawa na kitu kilichopikwa. Mtoto mdogo, mzee, mjamzito na mgonjwa ambaye kinga yake iko chini wapewe zilizopikwa mpaka zifuke mvuke kote. Mpishi wa hoteli anaweza kuzirusha kwenye kikaango cha moto mwishoni na zikabaki zinakatika mdomoni.

Na uwatu. Hapo, dada, nakuomba uache kuuza mbichi. Mbegu yake ina mfuo katikati na kona kali, na ikigusa maji inatoa utelezi unaozigandisha mbegu pamoja, kiasi kwamba kwenye mfuko wa neti unapata donge ambalo ndani yake maji ya moto hayafiki kwa wakati. Sina muda na joto la jikoni ninaloweza kukupa kwa uwatu kwa dhamiri safi, na ndiyo mbegu ileile ya Bienenbüttel. Lakini usiutupe. Uupande kwenye boksi la udongo lenye kina cha kiganja, uache utoe majani, uukate juu ya udongo bila mbegu wala mzizi, uufunge mafungu. Wahindi wa hapo Moshi na Arusha wanaijua hiyo kama methi, wanaipika na viazi na kuikanda kwenye unga wa chapati, na wanaitafuta sokoni mara nyingi bila kuipata.